Si Kila Kinachouma Kati ya Mabega ni Jini



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu, andiko la leo ni refu. Mwenye haraka alihifadhi, alisome baada ya Isha. Naliandika kwa sababu ya maswali yanayoingia kwenye simu yangu kila wiki, na mengi yana sura moja: "Sheikh, nasikia maumivu kati ya mabega, mgongo wa juu mzito kama nimebeba mtu, asubuhi naamka nimekakamaa. Nimesoma mahali kwamba hiyo ni dalili ya jini. Unanishauri nini?"

Hiyo orodha ya "dalili za kurogwa" inayozunguka mitandaoni mnaijua. Uzito mabegani umo. Maumivu ya mgongo yamo. Kichwa kuuma kumo, uchovu umo, kukosa usingizi kumo, hata kupiga miayo kumo. Sasa niambie, ndugu yangu, katika mtaa wako ni nani aliyevuka miaka thelathini ambaye hana hata moja kati ya hayo? Mimi mwenyewe ninayo matatu, na kazi yangu ni kuswalisha.

Tuelewane kabla sijashambuliwa kwenye maoni. Majini wapo, sihri ipo, husda ipo, na ruqya ya kisheria imethibiti. Ninawasomea watu na nitaendelea kuwasomea. Ninachokipinga ni utaratibu wa kuanza na jini na kumalizia na daktari, tena mgonjwa akifika kwa daktari amebebwa. Mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama watafute matibabu, aliwaamrisha watafute. Hilo halina utata kwa mwanachuoni yeyote. Utata tumeuleta sisi.

Basi tuujue kwanza huo mgongo wenyewe.

Mgongo wa juu ni kuanzia pale shingo inapoishia hadi zinapoishia mbavu. Hapo pana pingili 12, na kila pingili imeshikana na jozi yake ya mbavu. Kwa sababu ya mbavu hizo, sehemu hii imetulia. Haipindiki ovyo kama kiuno wala haizunguki kama shingo. Ndiyo maana yale matatizo ya diski yanayowasumbua watu kiunoni, huku juu ni nadra. Kwa watu wengi, kinachouma kati ya mabega ni misuli, pamoja na vile viungo vidogo vinavyounganisha mbavu na uti wa mgongo. Vimechoka, au vimekaa mkao mmoja muda mrefu mno mpaka vimekakamaa.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Kikikaa sawasawa juu ya shingo, mifupa inakibeba. Ukikiinamisha mbele kutazama simu, kazi inahamia kwenye misuli ya shingo na ya kati ya mabega, ambayo inabaki imevutika ili kichwa kisianguke. Kama huamini, jaza kidumu cha lita 5 maji. Kishike karibu na kifua chako uhesabu mpaka mia. Kisha nyoosha mkono mbele ukishike hivyo hivyo, uone kama utafika thelathini. Maji ni yale yale. Sasa mtu anashika kidumu hicho kuanzia saa tatu usiku mpaka saa sita, kitandani, amejikunja, anatazama video, halafu asubuhi anasema amekaliwa mabegani.

Na si simu peke yake, tusiwaonee vijana. Fundi cherehani anainama kutwa, na wiki ya kuelekea Idi anainama mpaka usiku. Kinyozi anafanya kazi mikono ikiwa juu. Dereva wa bodaboda anakunja mgongo na kupokea kila shimo la barabara. Mama anayefua kwenye beseni lililowekwa chini. Mwanafunzi mwenye kompyuta juu ya mapaja. Hawa wote maumivu yao yana maelezo, na maelezo hayo hayahitaji mtu wa kuaguzia.

Nitasema la kwetu pia, la madrasa. Tunawakalisha watoto chini saa mbili, saa tatu, juzuu ipo sakafuni au mapajani, mtoto amejikunja kama kamba. Akijinyoosha kidogo mwalimu anadhani anacheza, anamgutua. Mtoto wa hifdhi anafanya hivyo kila siku kwa miaka. Wazee wetu walikuwa na marfaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, na nadhani wengi tumekichukulia kama pambo au adabu tu. Ni adabu, naam, lakini pia kinaupandisha msahafu karibu na macho, na shingo ya mtoto inapumzika. Seremala yeyote anakitengeneza kwa mabaki ya mbao. Wazazi wanaochangia mazulia ya msikiti kila Ramadhani, wakichangia na marfaa za watoto nitafurahi zaidi. Na walimu wenzangu, kila nusu saa waacheni watoto wasimame, wajinyooshe, wazunguke dakika mbili. Qur'ani haitawatoka kwa dakika mbili.

Mama zangu na dada zangu, nanyi mna sehemu yenu ambayo masheikh hatuigusi kwa haya. Mama anayenyonyesha hukaa akainama, akampelekea mtoto ziwa, mara nane au kumi kwa siku, usiku na mchana. Geuza jambo hilo: egemea ukuta au mto, weka mto mwingine mapajani, mpandishe mtoto aje kwako. Na mwenye kifua kizito avae sidiria inayomtosha na yenye mikanda mipana, kwani uzito huo wote unaning'inia mabegani. Waume, hili ni katika matumizi ya lazima, msiseme ni anasa.

Liko pia jambo la moyo. Mtu mwenye deni, au mwenye ugomvi nyumbani, mabega yake hupanda juu kuelekea masikioni bila yeye kujua, na hukaa huko kutwa. Huyu akisomewa Qur'ani akatulia, mabega yakashuka, maumivu yakapungua, mimi sishangai hata kidogo, na namshukuru Allah. Lakini haina maana kwamba alikuwa na jini. Alikuwa na deni.

Sasa dawa yake. Kosa la kwanza ni kulala. Zamani mgonjwa wa mgongo aliambiwa alale asiguse kitu; leo madaktari wanasema kinyume, kwamba maumivu haya ya kawaida yanapona haraka zaidi mtu akiendelea na shughuli zake kwa kiasi anachoweza. Hata hilo la "kaa wima" lisitutie wasiwasi. Ukikaa wima kama mlingoti saa nne mfululizo utaumia pia. Mwili unataka kubadilishiwa mkao. Badili kila nusu saa, simama, tembea hatua chache, rudi. Fundi cherehani anaweza kutumia kila nguo anayoimaliza kama alama yake ya kusimama.

Loweka taulo kwenye maji ya moto, likamue, hakikisha haliunguzi, weka kati ya mabega kwa dakika 15 hivi. Misuli ikilegea, fanya mazoezi mepesi. Kaa au simama, vuta mabega nyuma kama unataka kubana penseli katikati yake, hesabu mpaka tano, achia, mara kumi. Simama mlangoni, weka mikono miwili kwenye fremu, viwiko usawa wa mabega, sogeza kifua mbele taratibu mpaka usikie kifua kinavutika, kaa hapo nusu dakika. Jingine napenda kuwaelekeza wazee kwa sababu halihitaji chochote: kaa kwenye kiti kigumu chenye mgongo mfupi, weka viganja nyuma ya kichwa, jinyooshe kwa nyuma juu ya ukingo wa kiti huku ukivuta pumzi ndefu mpaka mbavu zitanuke. Mara tano asubuhi, mara tano jioni. Fanya hivi wiki mbili au tatu kabla ya kusema hayafai. Tunakunywa mafuta ya habasoda miezi sita bila kulalamika, lakini zoezi likifanywa siku mbili tunaliona halina faida.

Kwenye swala nina neno. Siku hizi kuna mihadhara inayosema swala ni mazoezi, rukuu inatibu mgongo, sijida inatibu hiki na kile. Siipendi lugha hiyo. Tunaswali kwa sababu tumeamrishwa, na mgonjwa aliyeswali miaka arobaini na mgongo bado unamuuma tutamwambia nini? Kwamba hakuswali sawasawa? Ila ni kweli kwamba wengi wetu tunarukuu vibaya. Bi Aisha (r.a.) ametupokelea kwamba katika rukuu kichwa cha Mtume (s.a.w.) hakikuwa juu wala hakikuning'inia. Angalia safu zetu: mmoja amening'iniza kichwa mpaka anaona magoti yake, mwingine mgongo umeviringika kama kobe. Rekebisha kwa ajili ya Sunna. Mgongo ukipata nafuu, hiyo ni nyongeza.

Dawa za maumivu. Ndugu zangu, diklofenaki si pipi. Mtu anapita duka la dawa kila jioni, anachomwa sindano au anameza vidonge, anakwenda zake, miezi na miezi. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, hutoboa tumbo zikizoeleka, huumiza figo, na hupandisha presha. Mzee mwenye presha au kisukari asizimeze bila kuulizia. Na yule anayezimeza tumbo likiwa tupu mwezi wa Ramadhani, kisha anasema funga imemletea vidonda vya tumbo, anaisingizia funga. Siku mbili tatu kwa kipimo kilichoandikwa, sawa. Ikifika wiki mbili bado unazihitaji, hapo unaficha kitu ambacho inabidi kitafutwe.

Hijama nayo. Kupiga chuku kati ya mabega kumethibiti, na wapo wanaopata nafuu. Simkatazi mtu. Lakini namtaka anayepiga chuku afungue wembe mpya mbele ya macho yako, avae glovu, na vikombe visihamie mgongo wa mtu mwingine, maana homa ya ini na virusi vya UKIMWI haviangalii nia. Mwenye upungufu wa damu, mjamzito na anayetumia dawa za kuyeyusha damu wazungumze na daktari kwanza. Na hajjam mkweli, akiona mgonjwa amerudi mara ya tatu na maumivu yale yale, amwambie aende hospitali. Asimuuzie ya nne.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kuna kijana mtaani kwetu, fundi wa kuchomelea, mwenye nguvu zake. Alianza kuumwa mgongo wa juu, mahali pamoja, katikati kabisa ya uti. Maumivu yalimwamsha usiku. Akawa anatoka jasho mpaka shuka linalowa, na suruali zikaanza kumpwaya. Nyumbani wakampeleka kwa mtu anayejiita tabibu, akawaambia ametumiwa kitu na mwanamke wa karibu. Haikuchukua wiki, mwanamke huyo akapatikana: shangazi yake, mjane, ambaye waliwahi kubishana naye juu ya kiwanja. Kijana akakandwa, akapigwa chuku, akalazwa kifudifudi watoto wakamkanyaga mgongoni, kama wengi wanavyofanya majumbani. Mwezi wa saba miguu ikaanza kuwa mizito. Ndipo walipopelekwa hospitali na picha ikaonyesha pingili mbili zimeliwa. Ni kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Wengi hawajui kwamba kifua kikuu kinaweza kuacha mapafu kikaenda kwenye mifupa. Si ugonjwa mpya. Daktari wa Kiingereza Percivall Pott aliueleza mwaka 1779, na mpaka leo jina lake limeambatana nao, na alama zake zimeonekana hata kwenye maiti za Misri ya kale zilizokaushwa. Mahali unapopapenda zaidi ni mgongo wa juu na pale unapoungana na kiuno. Mgonjwa huweza asikohoe kabisa, na vipimo vya makohozi vikatoka safi. Pingili inalika polepole, inaporomoka kwa mbele, mgongo unatoa nundu. Vile vibyongo tulivyokuwa tukiviona utotoni na kuambiwa ni laana, vingine vilikuwa hivi. Usaha ukikandamiza uti, miguu inapooza. Sasa fikiria mgongo wa namna hiyo unakanyagwa na watoto.

Na unatibika! Dawa za kifua kikuu ni bure kwenye vituo vya serikali, hapa Tanzania na hata kwa ndugu zetu Kenya. Kwa ugonjwa wa mifupa hutumiwa muda mrefu, hufika hadi miezi 12, na wengine huhitaji upasuaji. Wengi wakiwahi hurudi kwenye kazi zao. Kijana wetu alizimaliza dawa zake, alhamdulillah, leo anatembea kwa fimbo na amerudi kufanya kazi ya kukaa. Ila shangazi yake hakuja kwenye harusi ya mdogo wake mwaka uliofuata. Hakualikwa. Picha ya hospitali ipo, jina la ugonjwa lipo, dawa zimemponya, na bado wapo ndani ya ukoo wanaosema kwa sauti ya chini kwamba "lakini kilianza kwake." Mjane amesingiziwa, undugu umekatika, na aliyeutamka uongo ule alikwishalipwa pesa zake. Niambieni katika mambo haya mawili, kijidudu na ulimi, ni kipi kilichofanya kazi ya shetani.

Kwa hiyo ziwekeni akilini dalili hizi. Maumivu ya mgongo yanayozidi usiku na hayapungui kwa mkao wowote. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda bila sababu. Miguu kuwa mizito au ganzi, au kushindwa kuzuia haja. Mtu aliyewahi kuugua saratani, ya titi au ya tezi dume kwa mfano, akaanza kuumwa mgongo. Bibi aliyeanguka kidogo tu, au aliyeinua ndoo, akasikia kitu kimekatika, kwani mifupa ya wazee wa kike huwa imepungua nguvu. Hawa wote wasikandwe, wasikanyagwe, wasipewe siku. Waende kituo cha afya, waombe kupimwa, na wakipewa dawa za maumivu tu bila vipimo warudi tena.

Kuna mengine mawili yanayochanganywa. Maumivu yanayowaka upande mmoja, kuzunguka mbavu kama mshipi, kisha baada ya siku chache vinatoka vipele vya maji: huo ni mkanda wa jeshi. Dawa yake inafaa zaidi ikianzwa ndani ya siku 3 tangu vipele kutoka. La pili haliruhusu hata kumaliza kusoma andiko hili. Maumivu ya ghafla, makali, kati ya mabega, pamoja na kifua kubana, jasho jembamba, pumzi kukata, au maumivu kupanda kwenye taya na mkono, hasa kwa mwenye presha au kisukari. Huo unaweza kuwa moyo au mshipa mkubwa wa damu. Tafuta gari. Ruqya msomeeni mkiwa njiani, na hilo ni jema.

Mwisho niwajibu wazee watatu walioniuliza Ijumaa iliyopita kuhusu viti. Imran bin Huswayn (r.a.) alipokuwa mgonjwa aliruhusiwa na Mtume (s.a.w.) kuswali kwa kukaa akishindwa kusimama, na kwa ubavu akishindwa kukaa. Ruhusa hiyo ni yenu pia. Anayeweza kusimama asimame sehemu anayoiweza, akae pale mgongo unapokataa, na miguu ya nyuma ya kiti iwe sawa na safu ili asimbane aliye nyuma yake. Na nyinyi vijana mnaomtazama mzee kwa jicho la pembeni akivuta kiti, msaidieni kukivuta. Viti viwili vya msikiti wetu vimevunjika mguu; fundi wetu wa kuchomelea ameahidi kuviunga bure kabla ya Ijumaa ijayo, in shaa Allah.

Wallaahu a'lam.